Jeti Kwenye Kipande cha Ugomvi

Machi 12

Mvua ya kwanza ya maana. Ng'ombe wangu Malaika amegoma kutoka bandani. Salvina kanipitishia machipukizi ya migomba kwenye uzio, nami nikampa chupa ya maziwa. Salvina ni mke wa Filemon, mdogo wake marehemu mume wangu Jovin. Mimi na Filemon hatusalimiani, kwa hiyo mimi na Salvina tunapeana vitu kama wafungwa.

Machi 15

Mto umechukua daraja. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Remigius, ameitisha mkutano kutuarifu jambo ambalo kila mtu alikuwa ametoka kulitazama.

Machi 17

Sijui nianzie wapi. Kwenye shamba kuna ndege ya jeshi.

Asubuhi lori lenye tela refu lilipanda kutoka Moshi mjini kwenda shule ya ufundi iliyoko juu yetu. Mgongoni limebeba jeti kuukuu ya mafunzo iliyostaafishwa, ambayo shule imepewa ili vijana wajifunzie ufundi. Mabawa yamefungwa kwa kamba kando yake kama nguo zilizokunjwa. Dereva alipofika mtoni akakuta daraja halipo. Kurudi nyuma na mzigo ule hawezi, barabara yetu ya Kibosho inajulikana kwa wembamba na kona zake. Akasema lazima ashushe mzigo mahali penye tambarare, maana lori linahitajika kwingine.

Hapa kwetu kila kitu kimeinama. Mahali pekee palipo tambarare ni kile kipande kati ya kihamba changu, yaani shamba langu la migomba na kahawa, na cha Filemon. Hakuna aliyekilima tangu baba mkwe alipofariki bila kuonyesha mpaka. Nikienda na jembe, Filemon anatoka kunifokea. Akienda yeye, natoka mimi. Hivyo kimebaki kitupu kama uwanja wa mpira.

Remigius akaja na dereva, akauliza kwa sauti kubwa, "Mwenye hapa ni nani, atoe ruhusa?"

Nikaona hatari papo hapo. Atakayetoa ruhusa ndiye mwenye ardhi. Nikakimbia na gauni la jikoni, nikasema, "Karibuni sana! Shusheni hapa kwangu." Wakati huohuo Filemon akatokeza upande wa pili, kapiga soksi na viatu vya Misa, anasema, "Karibuni, vijana wangu, hapa kwangu pana nafasi ya kutosha."

Nikampelekea dereva supu ya ndizi, mtori. Filemon akamletea mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikaleta parachichi. Akaleta kiti. Dereva akasema tangu aanze kuendesha lori hajawahi kupokelewa hivi, akashusha ndege katikati kabisa: pua upande wangu, mkia upande wa Filemon.

Remigius katuteua wote wawili walinzi. Amesema ni kwa muda mfupi.

Machi 18

Malaika hakutoa maziwa. Anaitazama ile pua.

Machi 22

Jumapili. Baada ya Misa watu hawakwenda nyumbani kwao, walikuja kwetu. Salvina anasema sokoni Kiboriloni habari zimeshafika kwamba ndege ya kivita imeanguka kwa Mwalimu Mektrida, yaani mimi, na rubani anakula kwangu.

Filemon alisimama chini ya pua kama shemasi. Tangu alipostaafu jeshini tunajua kwamba alikuwa fundi wa jeti. Ametuambia kwenye harusi, kwenye matanga na hata kwenye foleni ya kuuza kahawa. Leo alikuwa na jeti ya kuonyesha kwa kidole.

"Zamani," akaanza, "kijana alijifunzia ndege ya pangaboi, akihitimu anakabidhiwa jeti ya kivita. Ni sawa na kumtoa mtoto kwenye baiskeli ukampa lori la mizigo kwenye mteremko. Wengi walikufa. Ndipo wahandisi wakachukua jeti ya kivita, wakaongeza kiti cha pili cha mwalimu. Baadaye wakaona hapana, tutengeneze jeti ya kufundishia tangu mwanzo: nyepesi, yenye subira, isiyomwadhibu mtu kwa kosa dogo. Mabibi na mabwana, hii ni shule yenye mabawa!"

Watu wakapiga makofi. Akaendelea kwamba jeti kama hii haikai bure: asubuhi inafundisha, mchana inaweza kufungwa silaha ndogo na kulinda mipaka, siku ya sherehe inacheza angani ikimwaga moshi wa rangi. Nyingine huvuta shabaha kwa kamba ndefu ili marubani wengine wajifunze kulenga.

"Na anayeivuta hiyo shabaha," mama mmoja akauliza, "wakikosea?"

Filemon akakohoa. Akasema huo ni utaalamu.

Nakiri kitu kimoja kiliniingia. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, na usukani kila mtu na wake. Mimi nilifundisha madarasa ambayo watoto wa nyuma sikuwahi kuwaona vizuri hadi siku ya picha.

Lakini "mabibi na mabwana" kaitoa wapi? Filemon haongei hivyo.

Machi 25

Mvua.

Machi 26

Mvua. Filemon amefunika mkia kwa turubai. Nami nimefunika pua kwa shuka langu la maua, maana siwezi kuonekana nimeshindwa.

Machi 30

Luteni Brenda amekuja kukagua ndege. Ni msichana mwembamba, buti zimejaa matope, kanisalimia "Shikamoo mama" kabla hajafunga mlango wa gari. Ni rubani. Alipoliona shuka la maua hakucheka, na hapo nikampenda.

Nikamwuliza siku yake ya kwanza kwenye jeti ya namna hii ilikuwaje.

"Nilitapika, mama. Halafu mkufunzi wangu akasema, vizuri, sasa tuanze somo."

Nikamwambia, "Subiri, hapa kuna fundi wenu mstaafu, mtazungumza lugha moja." Nikamtuma Salvina amwite mumewe. Filemon hakuonekana. Nilimwona mimi mwenyewe, kainama nyuma ya migomba akijifanya anakata majani makavu kwenye mvua. Luteni alipozunguka kulia, naye akazunguka kushoto. Fundi mzima wa jeti anamkimbia rubani!

Nililazimika kwenda kukamua, kwa hiyo maelezo ya mwisho aliyapokea Remigius. Jioni Remigius akapita nyumba kwa nyumba akitangaza: "Viti vya ile ndege vina baruti. Rubani akipata shida anavuta mpini, kiti kinamrusha nje kama risasi. Asiyetaka kuzikwa Kahe asiiguse."

Kahe iko bondeni kabisa, kusini ya mji. Watu wamepima umbali kwa macho.

Ijumaa Kuu

Njia ya Msalaba kwenye matope. Filemon alibeba msalaba kituo cha tano, akateleza. Nilimshika kiwiko kabla sijakumbuka kwamba hatusalimiani.

Aprili 7

Malaika amegundua kwamba gurudumu la mbele la ndege ni zuri kwa kukunia shingo. Maziwa yamerudi, na yamezidi.

Aprili 9

Filemon amelalamika kwa Remigius kwamba ng'ombe wangu anaharibu mali ya taifa.

Aprili 10

Nimelalamika kwa Remigius kwamba Filemon anaanika kahawa juu ya bawa kila jua linapochungulia.

Aprili 11

Remigius amelalamika kwa padre kwamba tunamlalamikia sana.

Aprili 16

Mvua haijapumzika. Mfereji umefurika. Nimemwambia Salvina pale uzioni kwamba mumewe hajawahi kuwa fundi, nitaapa popote. Salvina akatazama chini, akasema mahindi yake yameoza. Sikumwuliza habari za mahindi.

Aprili 21

Leo nimekaa ndani ya jeti tangu baada ya chakula cha mchana hadi saa ya kukamua ikapita. Mwandiko usomwe kwa huruma.

Mchana kulikuwa na upenyo wa jua. Nikatoka, nikaona kifuniko cha kioo kimeinuliwa na Filemon amekaa kiti cha mbele, kitambaa mkononi, anafuta saa na vipimo kama mtu anayefuta sebule yake. Ngazi ya kuchumia parachichi imeegemezwa ubavuni. Ngazi yenyewe ni yangu.

Nilijua kuhusu baruti. Lakini niliona pia kwamba watu watatu walikuwa wanapita barabarani, nao wanasema, "Mzee Filemon, hongera kwa ndege yako!" Akapunga mkono. Hapo sikufikiria tena baruti. Nikavua malapa, nikapanda, nikaingia kiti cha nyuma.

"Shuka, Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Hicho ni kiti cha mkufunzi."

"Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Niko mahali pangu."

Tukakaa. Kiti cha nyuma kiko juu kidogo, nilimwona utosi. Ana upara ambao Jovin naye alikuwa ameuanza. Hakuna aliyetaka kushuka wa kwanza. Kisha mvua ikaja kwa mkupuo, ile ya matone mazito.

"Viti vitaloa!" Filemon akapiga kelele, akavuta kifuniko. Kikashuka juu ya vichwa vyetu na kulia *klak*.

"Sasa fungua," nikasema.

"Nafungua."

Nikasubiri.

"Filemon?"

"Nafungua, Mwalimu."

"Wewe si fundi wa jeti?"

"Kuna aina nyingi za vifuniko," akasema kwa sauti ndogo.

Ndipo nikautazama mpini uliokuwa katikati ya magoti yangu, una milia ya njano na nyeusi kama nyigu. Nikaitanua miguu kwa namna ambayo marehemu mama angenikemea, nikainua mikono juu. Filemon naye kainua yake. Mtu angepita angedhani tumetekwa.

"Usiguse kitu," akasema.

"Sigusi. Na wewe usipige chafya."

Simu yangu ilikuwa jikoni kwenye chaji. Yake imezimika tangu jana. Tukapiga kelele, mvua ikatuzidi. Kioo kikajaa ukungu wa pumzi zetu hadi dunia ikapotea. Nikaanza Salamu Maria, naye akaitikia. Tulipomaliza rozari nikaona sina cha kupoteza.

"Filemon. Sema ukweli, tunaweza kurushwa saa yoyote. Jeshini ulikuwa unafanya kazi gani?"

Akasema kitu, mvua ikakimeza.

"Ulikuwa unapika nini?"

"Napiga! Nilikuwa napiga tarumbeta! Kwenye bendi!"

Sikucheka. Ninaandika hili kwa fahari, kwa sababu lilikuwa gumu.

"Kila marubani walipohitimu tuliwapigia," akasema. "Na kila mara mgeni rasmi alisoma hotuba ileile. Baiskeli na lori, shule yenye mabawa, yote. Nimeisikia mpaka naiota. Sijawahi kushika hata spana."

"Na Jovin alijua?"

"Jovin ndiye aliyeanza."

Akaniambia, uso mbele, nami nikisikiliza utosi. Alipochukuliwa jeshini aliwekwa kwenye bendi, akaogopa kumwambia baba yao. Mzee aliona muziki ni kazi ya walevi. Jovin akaenda peke yake kwa mzee, akamwambia, "Mdogo wangu anatengeneza jeti." Mzee akachinja mbuzi. Baada ya mbuzi kuliwa, uongo hauwezi kurudishwa. Jovin akaahidi hatamwambia mtu, na hakuniambia hata mimi mkewe, niliyelala naye kitanda kimoja.

Nilikasirika kidogo na Jovin. Kisha nikamkumbuka jinsi alivyokuwa akicheka peke yake kila Filemon alipoanza hadithi za injini. Nilidhani anamcheka.

"Alikuwa ananigombeza kila Jumapili," Filemon akasema. "Mbona kahawa hujapalilia, mbona umenyoa vibaya. Alipokufa hakuna aliyenigombeza tena. Salvina ni mpole mno. Halafu siku moja nikaingia na jembe kwenye hiki kipande, sikuwa na nia yoyote, ukatoka ukanifokea. Ulinifokea vilevile kama yeye, Shemeji. Hata ule mkono kiunoni."

Alikuwa hajaniita Shemeji tangu mazishi.

"Kwa hiyo," nikasema polepole, "muda wote huu umegombana nami kwa sababu ya upweke?"

"Na migomba kidogo," akasema. "Udongo ni mzuri."

Nilitaka kumpiga kofi la utosi na nilitaka kulia, lakini mikono ilikuwa juu na sikuthubutu kuishusha. Nikalia bila kujifuta. Yeye pia, naona, maana kioo cha mbele kilizidi ukungu.

Aliyetuokoa ni Malaika. Saa ya kukamua ilipopita alianza kulia, na Malaika akilia anasikika hadi misheni. Salvina akaja na mwavuli kuangalia nimepatwa na nini, hakunikuta, akafuata malapa yangu hadi kwenye ngazi. Akafuta kioo kwa kiganja. Akatuona, mimi na mumewe, mikono juu, tunalia.

Alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Mwavuli ukaondoka na upepo.

Kisha akamwita Remigius, naye akaja na shoka.

"Baruti!" tukapiga kelele wote wawili. "Mwenyekiti, baruti!"

Remigius akasimama na shoka juu. Nikamwona anahangaika na dhamiri yake. Akaweka shoka chini, akampigia Luteni Brenda simu, akaweka sauti kubwa kando ya kioo.

"Lakini mzee," sauti ya Luteni ikasema, "nilikuambia baruti ilishatolewa kabla ndege haijaondoka kambini. Viti hivyo ni viti tu."

"Uliniambia," Remigius akajibu. "Ila ningewaambia hivyo, ingekuwa banda la kuku kufikia Jumatatu."

Tukashusha mikono. Yangu ilikuwa imekufa ganzi, ikamwangukia Filemon utosini yenyewe. Sikuomba radhi.

Luteni akaelekeza: upande wa kushoto, chini ya kioo, kuna kijifuniko kidogo, sukuma, zungusha. Salvina akasukuma, akazungusha. Kikafunguka kama sufuria. Salvina, ambaye hata redio hupenda kuwashiwa, ndiye amefungua jeti.

Nimemkamua Malaika. Amenipiga teke. Nilistahili.

Aprili 22

Mwili wote unauma. Filemon kapita barabarani. "Shikamoo, Shemeji." Nimeitika.

Aprili 25

Kelele ya ajabu kutoka kwa Filemon, kama mnyama aliyenaswa. Nimekimbia na panga. Alikuwa ametoa tarumbeta yake darini. Ndani ilikuwa na buibui.

Aprili 26

Anafanya mazoezi. Malaika hakutoa maziwa.

Mei 3

Jumapili. Wageni wachache, mvua inapungua. Filemon alisimama chini ya pua, akafungua mdomo, akanitazama. Niliona anangoja nimwumbue mbele za watu. Wiki tatu zilizopita ningelipa nauli kuipata nafasi hiyo.

"Endelea, Shemeji," nikasema. "Waeleze habari za baiskeli na lori."

Akaeleza vizuri kuliko siku zote. Mwishoni mama yule wa shabaha akauliza tena wakikosea inakuwaje, na safari hii Filemon akasema hajui, atamwuliza Luteni. Sikujua kama neno "sijui" linaweza kumtoka. Nimempelekea kiburu cha jioni, ndizi na maharage, chungu kizima.

Mei 14

Mlima umejitokeza asubuhi, theluji mpya. Daraja limekamilika.

Mei 19

Lori limekuja na winchi. Kijiji kizima kilikuwapo, pamoja na Luteni Brenda, ambaye ameniletea shuka langu la maua limefuliwa na kupigwa pasi. Alilichukua siku ya ukaguzi, nami sikujua kwamba lilikuwa limepotea.

Kabla ya kufunga kamba, dereva akauliza, "Mwenye eneo ni nani, tumshukuru?"

"Ni la shemeji yangu," nikasema.

"Hapana," Filemon akasema, "ni la shemeji yangu."

"Filemon, usinianze. Ni lako."

"Lako! Baba mwenyewe alikuwa anakupenda wewe kuliko mimi!"

Tukaanza kufokeana. Nilikuwa nimeshaweka mkono kiunoni. Dereva akamtazama Remigius, Remigius akatazama mlima.

"Ni langu," akasema Salvina.

Wote tukageuka. Alikuwa ameshika jembe, na nyuma yake kulikuwa na furushi la vipando vya majani ya ng'ombe, vimekatwa tayari kwa kupandwa.

"Nyinyi mmeshindwa kupanda hata mchicha hapa," akasema kwa upole wake uleule. "Mimi napanda leo udongo ungali na maji. Malaika atakula, na ng'ombe wangu atakula. Atakayetaka kugombana akagombanie barabarani."

Luteni Brenda akapiga saluti. Nadhani hakukusudia, mkono ulikwenda wenyewe.

Ndege ikapanda mlima kwa tela, polepole, mkia ukigusa majani ya migomba pande zote mbili. Filemon alitembea nyuma yake hadi darajani. Aliporudi alikuwa amenyong'onyea, nikamkumbusha kwamba kahawa yake haijapaliliwa na amenyoa vibaya. Akachangamka.

Mei 24

Tumepanda hadi mstari wa mwisho. Mpaka haujulikani bado.

Mei 30

Shule ya ufundi imezindua karakana yake leo. Jeti imerudishiwa mabawa na kupakwa rangi. Nilipoiona imekamilika nilishika mdomo. Pale kwetu ilikuwa kama mgonjwa. Hapa ilikuwa imeinua kichwa. Wanafunzi, wasichana kwa wavulana, waliifungua ubavu wakamwonyesha Luteni Brenda injini, naye akawauliza maswali makali bila kutabasamu. Mmoja alikosea. Akamwambia, "Vizuri, sasa tuanze somo."

Filemon alikuwa amevaa suti ya harusi yake. Mkuu wa shule alipomwomba aseme machache kama fundi mstaafu, akasimama, jasho likimtoka, akasema, "Sikuwa fundi. Nilikuwa mpiga tarumbeta wa bendi." Watu wakatazamana. Mkuu wa shule akasema, "Mungu mkubwa! Hatuna mwalimu wa bendi." Wamekubaliana aanze muhula ujao. Wanafunzi wenyewe wako wengi. Nimemwambia awahesabu wale wa nyuma kwanza.

Wakati wa chakula mgeni mmoja kutoka mjini alikaa nasi mezani. Kasikia kuna watu waliwahi kufungiwa ndani ya jeti, akauliza kama ni kweli.

"Kweli tupu," Filemon akasema, akijiegemeza kwenye kiti. "Mimi mbele, shemeji yangu nyuma. Mvua, radi, kifuniko kimegoma. Na tuko angani, futi elfu tatu."

Mgeni akageuka kunitazama, kijiko hewani. Filemon naye akanitazama. Salvina akaacha kutafuna.

Nikafuta mdomo kwa kitambaa.

"Elfu nne," nikasema.